Bwana Lambert na Mabaraza ya Wazee wa Meru

Wapenzi wa lugha yetu wanalijua jina la Harold Ernest Lambert kwa ajili ya vitabu vyake vitatu vidogo juu ya lahaja za pwani ya kusini: kimoja juu ya Kivumba, kilichotoka mwaka 1957, na viwili vya mwaka 1958, kimoja juu ya Kichifundi na kimoja juu ya Kijomvu na Kingare. Watu wa Vanga, Wasini, Funzi na Jomvu waliona maneno ya wazee wao yakiwekwa katika chapa, na yameandikwa kwa uangalifu na mtu asiyekuwa wa kwao. Lakini si wengi wajuao kwamba mtu huyo, kabla ya kuyashika maneno ya pwani, alikuwa amekwisha kutumia miaka mingi ya maisha yake bara, katika nchi ya Wameru, akiisoma khabari nyingine kabisa: namna watu wanavyohukumiana, namna wanavyomtia adabu mwenye kukosa, na namna wanavyosuluhishana baada ya damu kumwagika. Khabari hiyo ndiyo tutakayo kuieleza hapa, kwani ndani yake mna mazingatio kwa kila mtu anayejali insafu.

Lambert alizaliwa mwaka 1893, naye alikuwa Mwingereza. Aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Kenya, akawa mkuu wa wilaya, au Bwana D.C. kama walivyokuwa wakiitwa siku zile. Katika miaka ya 1930 alipelekwa kuitawala wilaya ya Meru. Ili msomaji afahamu alichokikuta huko, yatupasa kwanza tuieleze nchi yenyewe.

Wameru hukaa mashariki na kaskazini ya Mlima Kenya na juu ya vilima vya Nyambene. Wao ni mafungu kadha wa kadha: Waigembe, Watigania, Waimenti, Wamwimbi, Wachuka, Watharaka na wengineo. Katika mapokeo yao wenyewe husema kwamba wazee wao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, palipokuwa na maji mengi, ambako walitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, wakatoroka usiku kwa kuvuka maji, wakapanda bara mpaka mlimani. Wenye kuchunguza taarikh wamedhani kwamba Mbwaa hiyo ilikuwa pwani, huenda pande za Manda karibu na Lamu. Lambert aliyakusanya mapokeo hayo pia. Ikiwa ni kweli, basi hawa si wageni wetu kwa asili, bali ni majirani waliohama zamani.

Watu hawa hawakuwa na sultani wala mfalme. Utawala ulikuwa wa marika, na kila zama rika lililotawala lilikabidhi mambo kwa rika lililofuata, kwa sherehe maalumu. Hukumu zilikuwa mikononi mwa mabaraza ya wazee. Kila kijiji kilikuwa na baraza lake, iitwayo kiama, na juu ya mabaraza hayo palikuwa na baraza kuu la wateule, nalo ni Njuri Ncheke. Mahali pake pa heshima ni Nchiru katika Tigania, karibu na Kianjai, kwenye njia iendayo Maua. Mtu haingii Njuri kwa kutaka tu. Hutazamwa mwenendo wake, ukweli wa maneno yake, na kama aweza kuitunza siri, kisha hutoa ada na hula kiapo.

Waingereza walifika Meru mwaka 1908, wakiongozwa na Edward Horne, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi. Kwa jinsi desturi ya wakoloni ilivyokuwa, waliwatafuta machifu, na walipowakosa wakawaumba. Wakamchagua huyu na yule, wakampa kofia na askari, wakasema huyu ndiye mkubwa wenu. Kisha wakaweka mahakama za wenyeji, ambazo wazee wake walichaguliwa na Bwana D.C. na kupokea mshahara kwake. Njuri haikupigwa marufuku kwa uwazi, lakini ilisukumwa pembeni. Nayo serikali, katika miaka ya 1920, ilipoanza kuvisaka vyama vya siri vya waganga na wachawi, haikuwa na ilimu ya kupambanua chama na chama. Kila waliokutana msituni usiku waliangaliwa kwa jicho moja. Kwa hiyo baraza la kuhukumu na genge la kuwaogopesha watu vikatiwa katika kapu moja.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mtu alishtakiwa mahakamani kwa Bwana D.C., akahukumiwa, akalipa faini, akarudi nyumbani, na kesi ikaanza upya. Kwani wazee wa kijijini hawakuiona hukumu ile kuwa hukumu. Faini ilikwenda katika sanduku la serikali, na aliyedhulumiwa hakupata kitu. Mwenye kuua alifungwa au alinyongwa, na jamaa za aliyeuawa wakabaki na uchungu wao bila ya fidia, na uhasama wa mbari mbili ukaendelea kuishi. Machifu walilalamika kwamba watu hawatii. Watu walilalamika kwamba hawahukumiwi. Hapo ndipo Lambert alipoingia.

Lambert hakuanza kwa kutoa amri. Alianza kwa kuuliza na kunyamaza. Alikaa na wazee, akayasikiliza mashauri yao tangu mwanzo hata mwisho, akaandika majina ya mabaraza, daraja zake, ada za kuingilia, na kila aina ya kosa na malipo yake. Alipambanua kati ya mabaraza ya hukumu na vyama vya waganga, akaonyesha kwamba Njuri yenyewe ilikuwa adui wa wachawi kabla ya serikali kuwa adui wao.

Aliyoyakuta yalikuwa na mpango kamili. Katika hukumu za Wameru, jambo la kwanza halikuwa kumtesa mkosaji bali kuuziba ufa. Aliyeua, mbari yake ililipa mifugo kwa mbari ya aliyeuawa, kisha ikafanywa suluhu ili watu hao waweze tena kula pamoja. Mwizi alirudisha alichoiba na zaidi, na wazee wakapata sehemu yao ya kuchinjwa. Pale ushahidi ulipokosekana, watu waliapishwa. Na palikuwa na njia nyingine ya kuutafuta ukweli, nayo ni udugu uitwao gichiaro, ambao ni agano la baina ya mbari na mbari. Mtu hathubutu kumdanganya ndugu yake wa gichiaro wala kumnyima alichomwomba, kwa kuogopa balaa. Basi mshtakiwa mkaidi aliletewa ndugu wa namna hiyo amuulize, na mara nyingi aliungama.

Lakini Lambert hakuwa kipofu wa upande wa pili. Katika mila za Wameru, kama za Wakamba na Wakikuyu, palikuwa na hukumu ya kutisha kwa mtu aliyehesabiwa kuwa hafai tena kuishi, mwizi sugu au mchawi. Jamaa zake wa karibu waliombwa ridhaa yao, na wakiisha kuitoa, watu wote walishirikiana kumwua, ili pasiwe na mmoja wa kudaiwa damu yake. Wakamba waliiita kingole. Nayo Njuri haikuwa na nafasi ya mwanamke kukaa na kuhukumu, na kijana hakuwa na sauti, na maskini asiyekuwa na ada ya kuingilia alibaki nje. Mambo hayo yalikuwapo, na mwenye kusifu mila bila ya kuyataja atakuwa ameficha nusu ya ushahidi.

Hatari ya jambo hili ilidhihirika kwa Kenya nzima katika mwaka 1932. Katika nchi ya Wakamba, kundi la watu lilimpiga mwanamke mmoja hata akafa, kwa kumtuhumu kuwa amemloga mwenzake. Walishtakiwa katika Mahkama Kuu, na watu 60 wakahukumiwa kunyongwa kwa kesi moja. Wenyewe walijitetea kwamba wameitimiza desturi yao ya tangu zamani. Fadhaa ilikuwa kubwa hata Uingereza, na mwishowe adhabu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo. Mwanamke yule alidhulumiwa pasi na shaka, kwa kuwa tuhuma za uchawi hazina ushahidi, na roho haitolewi kwa dhana. Lakini pia sheria iliyoweza kuwaweka watu 60 chini ya kamba ya kunyongea kwa siku moja ilikuwa imeonyesha kwamba haiwajui watu inaowahukumu.

Katika zama hizo serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza namna hukumu za jinai zinavyoendeshwa katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mkuu wa tume alikuwa Grattan Bushe, mshauri wa sheria wa Wizara ya Makoloni. Tume iliteuliwa mwaka 1933, na ripoti yake ikatoka mwaka 1934. Bushe alikuwa mwanasheria, na rai yake ilikuwa kwamba kesi kubwa za jinai zitoke mikononi mwa watawala wa wilaya ziwaendee mahakimu waliosomea kazi hiyo. Magavana na watawala wa wilaya walipinga vikali. Wao walisema kwamba mwanasheria wa mjini hawajui watu, bali Bwana D.C. ndiye awajuaye. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Mwanasheria alijua kanuni na hakuwajua watu. Mtawala aliwajua watu kidogo, lakini yeye ndiye aliyekamata, yeye ndiye aliyeshitaki, na yeye ndiye aliyehukumu.

Lambert alikuwa katika watawala hao, na hapa ndipo penye fundo la maisha yake. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imezitoa mahakama hizo chini ya Mahkama Kuu, na rufaa zake zikawa zaenda kwa Bwana D.C. na kisha kwa mkuu wa jimbo. Kwa hiyo Lambert alizichunguza kama mwanachuoni mahakama zile zile alizozitawala kama hakimu wa rufaa. Alitaka Njuri irudishwe heshima yake, ishauriwe katika mambo ya nchi, na wazee wake ndio wakae mahakamani, kwa kuwa wao ndio walioaminiwa. Alifanikiwa kwa sehemu kubwa. Lakini baraza lililokuwa na nguvu kwa sababu halikutegemea serikali, likaanza kutegemea serikali ili liwe na nguvu.

Mambo yaliyomsumbua zaidi yalikuwa ya kiapo. Wamisionari wa Kimethodisti na wa Kikatoliki walikuwa wamekwisha kueneza dini yao Meru, na vijana waliosoma kwao wakaanza kuwa makarani na machifu. Kuingia Njuri kulitaka kuchinjwa kwa mnyama na kiapo cha mila, na Mkristo aliyeshika dini yake hakuweza kukila. Basi nchi ikawa na watu wa namna mbili: wazee wenye amri wasiojua kusoma, na wasomi wasiokubaliwa na wazee. Lambert aliona kwamba baraza lisilokuwa na wasomi litakufa, na wasomi wasiokuwa na baraza watakuwa wageni katika nchi yao. Baada ya mazungumzo marefu baina ya wazee na kanisa, ilikubaliwa kwamba Mkristo aape kwa Biblia badala ya kile kiapo cha zamani. Kwa wasomaji wetu jambo hili ni wazi, maana katika mahkama za serikali Mwislamu huapa kwa Mola wake na Msahafu, wala halazimishwi kiapo cha wengine. Kiapo ambacho moyo wa mwapaji haukiogopi hakifungi ulimi wake.

Matunda ya uchunguzi wake Lambert aliyaandika kwa uvumilivu mkubwa. Mwaka 1947 Chuo Kikuu cha Cape Town kilichapisha risala yake juu ya matumizi ya mamlaka za wenyeji katika utawala, kwa mfano wa Wameru. Mwaka 1950 kikatoka kitabu chake juu ya umilikaji wa ardhi katika eneo lote lililohesabiwa kuwa la Wakikuyu na jamaa zao, wakiwamo Wameru na Waembu. Na mwaka 1956 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya taasisi za jamii na siasa za Wakikuyu, ambamo mabaraza, marika, viapo, fidia na adhabu vimeelezwa moja moja. Tangu hapo kila aliyetaka kusema juu ya hukumu za kale za watu wa mlima ule ilimlazimu kupita kwa Lambert, awe anamkubali au anampinga.

Hakuwa peke yake katika kazi hii. Arthur Phillips, mwanasheria wa serikali, alizungukia mahakama za wenyeji Kenya nzima, na mwaka 1945 ripoti yake ikachapishwa. Phillips aliuliza swali ambalo mtawala hakupenda kulisikia: je, mahakama hizi ni za hukumu, au ni mkono wa utawala? Aliona kwamba wazee waliokaa humo mara nyingi hawakuwa wale wa mila bali ni walioteuliwa na serikali, na akapendelea mahakama hizo zisogezwe karibu na mahkama za sheria. Mwaka 1951 sheria mpya ya mahakama za Waafrika ikashika mahali pa ile ya 1930. Lambert alitaka mahakama zipate mizizi, Phillips alitaka zipate uhuru. Mwenye insafu ataona kwamba mahakama yahitaji vyote viwili.

Ukweli wa maneno haya ulionekana Meru kwenyewe mwaka 1956. Lambert hakuwa tena mtawala huko. Serikali, wakati wa vita vya Mau Mau, iliishawishi Njuri Ncheke ipige marufuku ukeketaji wa wasichana. Njuri ilikutana Nchiru, ikakubali. Makusudio ya kuwalinda wasichana yalikuwa mema, na leo sheria ya Kenya yenyewe inaukataza ukeketaji. Lakini amri ile ilitoka juu, wanawake hawakushauriwa, na nyumba hazikufundishwa. Ikawa wasichana wakaenda msituni, wakakatana wenyewe kwa wenyewe kwa nyembe. Katika miaka mitatu tu, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walifikishwa mbele ya mahakama za Waafrika kwa kosa hilo, na faini zikamiminika. Baraza ambalo nguvu yake ya zamani ilikuwa kuwaridhisha watu, liligeuka mtoza faini. Jambo jema lililosukumwa kwa fimbo bila ya mafunzo lilizidisha madhara ambayo lilikusudiwa kuyaondoa. Na sisi tunaotaka kuziondoa mila mbovu miongoni mwa jamaa zetu, yatupasa tuukumbuke mfano huu: islahi huanza kwa ilimu.

Katika miaka yake ya mwisho Lambert aliikabidhi nafsi yake kwa Kiswahili. Alishirikiana na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, akaandika makala katika jarida lake, akakusanya mashairi na masimulizi. Njia yake ilikuwa ile ile aliyoitumia Meru. Hakumwuliza karani wa mjini Wavumba wasemaje. Aliwaendea wenyewe na kuwasikiliza. Mkusanyo wa mashairi uitwao Diwani ya Lambert ulichapishwa Nairobi mwaka 1971, baada ya kufa kwake. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na watafiti wa Kenya wamezitumia vizazi kwa vizazi.

Lambert alifariki mwaka 1967. Mwaka huo huo bunge la Kenya huru lilipitisha sheria ya mahkama za mahakimu, iliyoziondoa mahakama za Waafrika na kuziunganisha hukumu za nchi chini ya mti mmoja. Kazi ambayo Phillips aliitamani ikatimia, na mahakama alizozichunguza Lambert zikatoweka. Katika mwaka huo pia ilipita sheria ya mahkama za makadhi. Hapa pwani, tangu kanuni za mwaka 1897, palikuwa na mahakama za maliwali, mamudiri na makadhi. Za maliwali na mamudiri zimekwisha kwenda na zama zao. Za makadhi zimebaki, kwa hukumu za hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaoridhia kuhukumiwa huko, na katiba ya mwaka 2010 ikazithibitisha.

Wala Njuri haikufa. Nyumba yake ya Nchiru ni miongoni mwa makumbusho ya taifa, na wazee wake wanaendelea kusuluhisha magomvi ya mashamba na mipaka, na watu wa Kianjai na Tigania nzima huwaendea. Katiba hiyo ya 2010 imezitaka mahkama za nchi zihimize suluhu, zikiwamo njia za jadi, kwa sharti la kwamba njia hizo zisivunje haki za binadamu wala zisipingane na uadilifu. Sharti hilo ni kama jibu la mashauri ya miaka sabini: mila ipewe nafasi yake, na mila ihukumiwe.

Basi tuyapime maisha ya mtu huyu kwa mizani ya haki. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kigeni iliyotawala bila ya ridhaa ya watu, na ilimu yake aliitoa, katika jambo la kwanza, ili utawala huo upate kutulia. Hilo hatulifichi. Lakini katika watawala waliokuja na hukumu mkononi, yeye alikuwa katika wachache waliotangulia kusikiliza kabla ya kuhukumu, na aliyoyaandika yamebaki kuwa mali ya watoto wa wale wazee aliowasikiliza. Wengi katika wazee hao walikuwa hawajui kuandika. Lau si kalamu yake, sehemu kubwa ya ilimu yao ingalizikwa pamoja nao.

Sisi watu wa pwani tuna jambo la kujiuliza. Hukumu za makadhi wetu wa zamani wa Lamu, Mombasa na Malindi ziko wapi? Ni nani aliyezikusanya, akaeleza kadhi fulani alihukumu nini katika mirathi fulani na kwa hoja gani? Tunao mashekhe, tunao wanafunzi wa sheria katika vyuo vikuu, na tunao wazee ambao bado wanakumbuka. Mgeni mmoja aliweza kukaa chini ya mti wa Tigania miaka na miaka akiandika mambo ya watu wasiokuwa wake. Haitakuwa vigumu kwa kijana wetu kukaa na babu yake jioni moja moja, na daftari mkononi, kabla ya mlango huo kufungwa.